Nani Anauondoa Mkia wa Kiluwiluwi? Uchambuzi wa Kisa cha Seli za Kinga Wakati wa Metamofosisi

Kiluwiluwi wa chura Xenopus tropicalis hufika kwenye kilele cha metamofosisi, yaani kugeuka kwake kuwa chura, akiwa na mkia ambao urefu wake ni takriban mara mbili ya kiwiliwili chake, na baada ya siku tatu hivi mkia huo huwa karibu umekwisha. Ngozi, misuli, neva, mishipa ya damu na notokodi iliyokuwa ikiushikilia huvunjwavunjwa, na mabaki yake hutumika kuujenga mwili mpya. Tishu hizo hazikuwa na ugonjwa wala jeraha. Zilikuwa zikipata damu ile ile inayolisha moyo na ubongo, na seli zake zilibeba jeni zile zile zilizomo katika miguu inayochipuka wakati huo huo. Kwa zaidi ya miaka ishirini wataalamu wamebishana juu ya jambo hili: je, mkia hufa kwa amri ya homoni peke yake, au seli za kinga za chura anayejitokeza huutambua kama kitu kigeni na kuushambulia, jinsi zinavyoshambulia kipande cha ngozi kilichopandikizwa kutoka kwa mnyama mwingine?

Kisa hiki kinastahili kuchambuliwa kwa utulivu, kwa sababu hakuna njia ya kukijibu bila kueleza kwa makini namna seli za kinga za amfibia zinavyozaliwa, zinavyofundwa na zinavyokufa. Msimamo ninaoutetea ni kwamba yapo mambo mawili ambayo yamekuwa yakichukuliwa kama jambo moja. La kwanza ni kwamba seli za kinga za chura mzima zinaweza kuitambua ngozi ya kiluwiluwi kuwa si ya mwili wao, na hilo lina ushahidi. La pili ni kwamba utambuzi huo ndio unaouondoa mkia, na hilo, kwa ushahidi tulionao, halisimami.

Mnyama aliyetumiwa zaidi katika utafiti huu ni Xenopus laevis, chura wa makucha wa kusini mwa Afrika, ambaye hatua za ukuaji wake zilipangwa na Nieuwkoop na Faber mwaka 1956 katika jedwali linaloanza na hatua ya 1, yaani yai lililorutubishwa, na kuishia hatua ya 66, metamofosisi inapokamilika. Seli za damu katika kiinitete chake hutoka katika maeneo mawili tofauti, moja upande wa tumbo na jingine pembeni kuelekea mgongoni. Hilo lilithibitishwa kwa kubadilishana tishu kati ya viinitete vyenye seti mbili za kromosomu na vile vyenye seti tatu, ili baadaye kila seli iweze kutambuliwa asili yake kwa kuhesabu kromosomu au kupima kiasi cha DNA. Seli tangulizi kutoka maeneo hayo huhamia kwenye tezi ya thaimasi, ambayo huanza kuonekana siku chache tu baada ya yai kurutubishwa, na humo baadhi yake hukomaa kuwa seli T, yaani seli za kinga zinazotambua na kushambulia vitu vigeni. Wengu hufuata baadaye kidogo. Chura huyu hana vifundo vya limfu kama vya mamalia, na katika wengu wake hayaundiki yale makundi maalumu ya seli B ambamo mamalia huchuja na kuziendeleza seli zinazotoa kingamwili bora zaidi. Kwa sababu hiyo, kingamwili zake huboreka kidogo tu anapokutana na kimelea kile kile mara ya pili, ingawa jeni zake za kingamwili hupata mabadiliko yanayohitajika.

Kiluwiluwi si chura mdogo kwa upande wa kinga. Mwaka 1986 Martin Flajnik, Louis Du Pasquier na wenzao walionyesha kwamba protini za MHC za daraja la kwanza, ambazo kwa kawaida huionyesha seli T ni vipande gani vya protini vilivyomo ndani ya kila seli ya mwili, hazionekani juu ya seli za kiluwiluwi kwa kiwango cha kupimika hadi wakati wa metamofosisi. Kingamwili zake nazo zina aina chache kuliko za chura mzima, kwa kuwa kimeng'enya kinachoongeza herufi za ziada kwenye maungio ya jeni hizo hakifanyi kazi vya kutosha katika umri huo. Hata hivyo, kiluwiluwi hajaachwa bila ulinzi. Kundi la Jacques Robert katika Chuo Kikuu cha Rochester lilibainisha mwaka 2013 kwamba sehemu kubwa ya seli T za kiluwiluwi zina vipokezi (protini za kutambulia adui) vya aina chache sana, vinavyojirudia kutoka mnyama mmoja hadi mwingine, na kwamba kundi mojawapo la seli hizo hutegemea protini inayofanana na MHC lakini isiyo ya kundi la kawaida. Badala ya kuwa na vipokezi vya mamilioni ya namna kwa ajili ya kila adui awezaye kuja, kiluwiluwi, ambaye ana limfosaiti (seli T na seli B) chache mno, huwekeza katika vipokezi vichache vya kuaminika.

Kilele cha metamofosisi kinapowadia, mfumo huu hubomolewa kwa sehemu. Homoni ya thairoidi hupanda, na pamoja nayo hupanda kotikosteroni, homoni ya msongo, ambayo Louise Rollins-Smith na wenzake wameonyesha kuwa huziua limfosaiti za viluwiluwi. Thaimasi hupoteza sehemu kubwa ya seli zake na kusinyaa, wengu nao hupungukiwa, kisha wimbi jipya la seli tangulizi huingia katika thaimasi na kuanza kukomaa wakati ambapo protini za MHC za daraja la kwanza zimeanza kuonekana mwilini kote. Kumbukumbu ya kinga haifutiki yote, kwa kuwa baadhi ya vyura bado huitikia haraka antijeni (vitu vinavyotambuliwa na kinga) walizokutana nazo wakiwa viluwiluwi. Lakini walio wengi katika jeshi jipya la seli T hufundwa ndani ya mwili ambao tayari unaelekea kuwa wa chura.

Hapa ndipo dhana ya kinga kuuondoa mkia inapopata nguvu, na ni haki kukiri kwamba ni dhana nzuri. Seli T hujifunza katika thaimasi kutoshambulia protini za mwili zilizopo wakati wa mafunzo. Ikiwa kundi jipya linafundwa wakati mwili unatengeneza protini za utu uzima, na ikiwa mkia bado unabeba protini za utoto pekee ambazo hazikuwahi kuonyeshwa kwa kundi hilo, basi mkia utakuwa mgeni katika mwili wake wenyewe. Yawezekana msemo kwamba kikulacho ki nguoni mwako ungekuwa na maana halisi ya kibiolojia.

Mwaka 1993 Yumi Izutsu na Katsutoshi Yoshizato waliipima dhana hiyo kwa kutumia ukoo wa Xenopus laevis uitwao J, ambao umezalishwa wao kwa wao kwa vizazi vingi hadi wanyama wake wakafanana kijenetiki kiasi cha kupokeleana ngozi bila kuikataa. Ngozi ya chura mzima wa ukoo J ikipandikizwa kwa mwenzake mzima, hukaa. Ngozi ya kiluwiluwi wa ukoo huo huo ikipandikizwa kwa chura mzima, hukataliwa. Tofauti ya jeni haipo, kwa hiyo kinachokataliwa hakiwezi kuwa ila kitu kinachotengenezwa utotoni na kuachwa utu uzimani. Naliona jaribio hili kuwa miongoni mwa majaribio safi kabisa katika somo hili zima.

Baada ya hapo kazi ilikuwa kuitafuta antijeni yenyewe. Mwaka 2009 kundi la Izutsu lilitangaza protini mbili za ngozi ya kiluwiluwi, zenye undugu na keratini (protini ngumu ya ngozi na kucha), zilizopewa majina Ouro1 na Ouro2. Jeni zake zilipochochewa kufanya kazi kupita kiasi kwenye mkia kabla ya wakati, tishu za mkia zilianza kuharibika mapema. Zilipozuiwa kwa RNA kinyume, yaani RNA inayozuia ujumbe wa jeni kutumika, baadhi ya wanyama walimaliza metamofosisi wakiwa bado na mabaki ya mkia. Hitimisho la watafiti lilikuwa kwamba seli T huutambua mkia kupitia Ouro na kuuteketeza.

Ni lazima kusimama hapa kwa muda, kwa kuwa nguvu na udhaifu wa hoja nzima umo katika majaribio haya. Kuongeza antijeni kupita kiwango chake cha kawaida huonyesha kile kinachoweza kutokea, lakini hakuonyeshi kinachotokea katika mnyama asiyeguswa. RNA kinyume nayo, hasa inapoingizwa katika tishu inayobadilika kwa kasi namna hii, inaweza kuvuruga mambo mengine ambayo mtafiti hakuyakusudia, na mkia ni tishu ambayo kuchelewa kidogo tu kwa hatua moja huacha mabaki yanayoonekana kwa macho. Zaidi ya hayo, kipandikizi na mkia ulio mahali pake si hali moja. Kipandikizi kimekatwa, kimeshonwa, kimekosa damu kwa muda na kuwashwa na uvimbe, na hayo yote huziita seli za kinga hata kama tishu yenyewe isingezisumbua.

Muda wa tukio pia hauoani vizuri na maelezo hayo. Katika joto la kawaida la maabara, chura mzima mwenye afya na mwenye thaimasi iliyokomaa huchukua takriban wiki tatu kukikataa kipandikizi kutoka kwa mnyama mwenye MHC tofauti, ambacho ndicho kigeni zaidi kati ya wanyama wa spishi moja. Tunaombwa kuamini kwamba mnyama aliye katikati ya metamofosisi, ambaye thaimasi yake imesinyaa na ambaye damu yake imejaa kotikosteroni inayoziua limfosaiti, hufanya kazi kubwa kuliko hiyo kwa siku chache, dhidi ya tofauti ndogo kuliko hiyo. Mtetezi wa dhana anaweza kujibu kwamba seli T zimeshaandaliwa mapema na zinangoja tu antijeni iongezeke. Jibu hilo linawezekana, lakini linadai kundi kubwa la seli zilizo tayari, wakati ule ule ambapo vipimo vinaonyesha limfosaiti zikipungua.

Ushahidi wa upande wa homoni ulikuwepo muda mrefu kabla ya mjadala huu. Mwaka 1912 Gudernatsch aliwalisha viluwiluwi tishu za tezi ya thairoidi naye akawaona wakigeuka kabla ya wakati wao, na mwaka 1916 Bennet Allen alionyesha kwamba kiluwiluwi aliyeondolewa tezi hiyo hubaki kiluwiluwi. Lililo muhimu zaidi kwa kisa chetu ni majaribio ya mikia iliyokatwa. Weber, mwaka 1962, aliiweka mikia ya Xenopus katika chombo cha maabara, akaongeza homoni ya thairoidi, na mikia hiyo ikasinyaa bila kuwa na mwili wowote. Mwaka 1966 Jamshed Tata akaonyesha kwamba kusinyaa huko hukoma iwapo utengenezaji wa RNA na protini utazuiwa, maana yake seli za mkia zenyewe huwasha jeni mpya ili kutekeleza kifo chao. Mkia uliomo chomboni hauna thaimasi wala wengu, na haupokei limfosaiti mpya kutoka kokote. Ni kweli kwamba seli za kinga zilizokuwa zikiishi ndani yake zilikatwa pamoja nao, hivyo jaribio hilo peke yake haliwezi kuziondoa kabisa katika hesabu. Lakini linatosha kuonyesha kwamba amri ya homoni inaweza kutekelezwa na mkia wenyewe.

Mwaka 1962 huo huo, Jerome Gross na Charles Lapière walikuta katika mkia wa kiluwiluwi kimeng'enya kinachokata kolajeni, protini inayoshikilia tishu pamoja, ugunduzi ambao ulifungua somo pana la vimeng'enya vinavyovunja matandiko yaliyo kati ya seli. Somo hilo linaingia katika kisa hiki kwa njia ya moja kwa moja. Mwaka 2003 Keisuke Nakajima na Yoshio Yaoita waliingiza katika seli za misuli ya mkia kipokezi cha homoni ya thairoidi kilichoharibiwa makusudi, ili seli hizo zisiweze kuisikia homoni hata ikiwepo. Mwanzoni mwa kilele cha metamofosisi seli zisizosikia ziliponea pale jirani zao zilipokufa, jambo linaloonyesha kwamba seli hujiua kwa kuitikia homoni zenyewe. Baadaye, hata hivyo, seli hizo hizo nazo zilikufa, kwa sababu matandiko yaliyozizunguka yalikuwa yamevunjwa na zikakosa cha kushikilia. Kwa hiyo kuuawa kutoka nje kupo kweli katika mkia, na maelezo yake ya kutosha ni vimeng'enya vya kuvunja matandiko, bila kuhitaji seli T.

Kuna ushahidi mwingine ambao kwa maoni yangu ulipaswa kupewa uzito mapema zaidi. Tangu miaka ya 1970 wataalamu wa kinga ya Xenopus, akiwemo J. D. Horton, walikuwa wakiwaondoa viluwiluwi thaimasi katika siku zao za kwanza za kuogelea, kisha wakiwalea hadi utu uzima ili kupima ni kazi gani za kinga zinazoitegemea tezi hiyo. Wanyama hao walidhoofika sana katika kukataa vipandikizi na katika kutoa kingamwili za aina ya IgY. Lakini walikuwa vyura. Walivuka metamofosisi, wakapoteza mikia yao, wakatumika katika majaribio ya vyura wazima. Kweli, upasuaji wa namna hiyo unaweza kuacha seli T chache, na Horton mwenyewe alionyesha kwamba vyura hao bado wana seli za NK zinazoua seli za saratani bila kuihitaji thaimasi. Pamoja na mapungufu hayo, dhana inayosema kwamba mkia huondolewa na seli T ingepaswa kutabiri kuwa wanyama hao watabaki na mikia, au angalau watachelewa kwa namna inayoonekana.

Jaribio lililokuja kuyafunga mapungufu hayo lilichapishwa mwaka 2016 na Yuya Nakai, Nakajima, Robert na Yaoita. Walimchagua Xenopus tropicalis, ambaye jenomu yake haikuongezwa maradufu, tofauti na laevis ambaye jenomu yake imeongezwa maradufu katika historia yake na ambaye, kwa hiyo, jeni zake nyingi zina nakala ya pili inayoweza kuziba pengo la iliyoharibiwa. Kwa kutumia TALEN, zana ya kukata DNA mahali palipochaguliwa, waliiharibu jeni ya ouro1 katika wanyama wengine na ya ouro2 katika wengine. Protini ya jeni iliyoharibiwa haikuonekana kabisa, na ile nyingine nayo ilishuka hadi karibu kutoweka. Kisha waliiharibu jeni ya foxn1, ambayo bila hiyo thaimasi haiundiki. Hawakutosheka kudai kwamba wanyama hao hawana seli T zinazofanya kazi, bali walihesabu seli za wengu na kukuta zile seli T zenye alama ya CD8, ambazo ndizo wauaji wakuu, hazipo, tena wakawapandikiza ngozi za wanyama wengine na kuona uwezo wa kuzikataa umeporomoka. Katika makundi yote hayo, mkia ulifupika kwa mwendo wa kawaida.

Uzuri wa kazi hiyo uko katika kuishambulia dhana kutoka pande zake mbili. Ikiwa mkia huuawa na seli T zinazotambua Ouro, basi kuondoa Ouro kunapaswa kuuokoa, na kuondoa seli T kunapaswa kuuokoa vile vile. Hakuna kati ya hayo mawili lililotokea. Watafiti wenyewe walikuwa waangalifu kusema kwamba matokeo yanahusu tropicalis, na mipaka hiyo lazima iheshimiwe. Metamofosisi ya tropicalis ni ya haraka, na katika laevis, ambaye huchukua muda zaidi, huenda mchango mdogo wa kinga ungekuwa na nafasi ya kujitokeza. Lakini mchango mdogo si sababu kuu, na dhana ya awali ilidai sababu kuu.

Kuziondolea seli T lawama ya kuuondoa mkia hakuziondoi seli za kinga katika tukio. Katika karne ya 19 mwanabiolojia Metchnikoff tayari alikuwa ametazama seli mlaji zikiwa ndani ya mkia unaotoweka, na uchunguzi wa baadaye kwa darubini umeonyesha makrofaji, yaani seli mlaji kubwa, yakimeza vipande vya misuli iliyokufa kwa wingi. Makrofaji hayo hayategemei thaimasi, hivyo wanyama wasio na foxn1 bado walikuwa nayo. Kazi yao ni kubwa: shehena kubwa ya mabaki ya seli, kwa kipimo cha mnyama huyo, ikiachwa ioze ndani ya mwili ingewasha uvimbe na kumuua. Lakini kuokota mabaki ni tofauti na kuua, na mtu anayeona makrofaji yamejaa mahali pa kifo hapaswi kudhani kwamba ndiyo yaliyokileta.

Suala hili lina uzito pia kwa afya ya vyura, kwa sababu kinga inayojengwa upya wakati wa metamofosisi huacha kipindi cha udhaifu. Kuvu Batrachochytrium dendrobatidis, aliyepewa jina lake mwaka 1999 na ambaye amechangia kupungua kwa amfibia katika mabara kadhaa, huishi katika tishu zenye keratini. Kwa viluwiluwi wa spishi nyingi keratini hiyo imo hasa katika sehemu za mdomo, hivyo maambukizi mara nyingi huwaacha hai. Metamofosisi inapokwisha, keratini hutandaa mwili mzima, kuvu hupata eneo lote la ngozi, na hayo hutokea wakati limfosaiti zimepungua. Vifo vingi vya vyura wachanga mara tu baada ya kugeuka vinaeleweka vizuri zaidi kwa kulinganisha kalenda hizo mbili, ya keratini na ya limfosaiti. Pengine chura huzishusha limfosaiti zake wakati huo licha ya hatari kwa sababu, asipofanya hivyo, seli za zamani zilizofundwa utotoni zingebaki kwa wingi, zingekutana na protini mpya za utu uzima zisizozijua, na mwelekeo wa hatari ungekuwa dhidi ya mwili mzima unaojengwa, si dhidi ya mkia unaoondoka.

Matokeo ya ukoo J ya mwaka 1993 yanabaki pale pale. Chura mzima huikataa ngozi ya kiluwiluwi mwenye jeni sawa na zake, na hilo ni tukio la kinga linalodai maelezo yake lenyewe, bila kubebeshwa mzigo wa mkia. Jaribio linalolenga swali hilo moja kwa moja ni kuchukua ngozi ya viluwiluwi wasio na Ouro, kutoka katika ukoo ambao wanyama wake wamefanana kijenetiki, na kuipandikiza kwa vyura wazima wa ukoo huo huo, huku kundi la ulinganisho likipokea ngozi ya viluwiluwi wa kawaida. Ngozi isiyo na Ouro ikikaa na ile ya kawaida ikakataliwa, Ouro itakuwa imethibitika kuwa antijeni ya utoto inayotambuliwa na seli T za utu uzima. Zote mbili zikikataliwa, antijeni itatafutwa kwingine katika ngozi hiyo.